Kaseti ya Babu Haitoki Chumbani

Ipo siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na kwa kuwa Jumatatu unaanza kazi katika kile chumba nilichokiacha, naona nikusimulie kabla hujakabidhiwa ufunguo. Kaa vizuri. Siku hizi nimestaafu, sina pa kukimbilia, na chai ipo.

Ilikuwa Julai, ile baridi ya Meru inayowafanya watu wavae makoti hadi ndani ya nyumba. Nilikuwa bado msichana, nimeajiriwa si muda mrefu katika chumba cha nyaraka cha maktaba ya chuo kikuu. Nyumbani hakuna aliyeelewa kazi yangu. Mama aliwaambia majirani kwamba nauza vitabu. Shangazi alidhani nafuta vumbi, na hakukosea sana, maana vumbi nimelifuta jamani, hadi kifua kikazoea. Lakini kazi yenyewe ni kutunza vitu ambavyo havina pacha. Kitabu kikipotea, kipo kingine katika maktaba nyingine. Kitu cha chumba chetu kikipotea, kimepotea kwa kila mtu, hata kwa ambao hawajazaliwa.

Miongoni mwa vitu hivyo zilikuwemo kaseti za mwalimu mmoja wa chuo. Zamani, kabla sijaanza hata shule, alikuwa akipanda milimani juu ya Tengeru kuwahoji wazee habari za mifereji: nani aliichimba, nani aligawiwa maji, shamba la nani linaanzia wapi. Alipofariki, familia yake ilizileta kaseti hizo chuoni ndani ya sanduku la bati. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuzisikiliza moja baada ya nyingine na kuandika ndani yake mna nini. Siku nilipoweka mojawapo na kusikia mzee akijitaja jina, nilisimama. Alikuwa babu yangu, baba wa baba yangu.

Basi nikafanya kama ambavyo kijana yeyote angefanya. Jumapili ile nilipanda nyumbani nikiwa na furaha tele, nikamwambia Baba mkubwa Anaeli kwamba sauti ya babu ipo chuoni. Baba mkubwa ni kaka yake marehemu baba yangu, na ndiye aliyenilea. Kwake nimekula loshoro, ule uji wetu wa mahindi na maziwa ya mgando, mpaka nikakua, na kwake ndiko nilikotarajiwa kutokea kwenda kanisani, kwa sababu mwaka ule nilikuwa nimechumbiwa. Yeye ndiye angenishika mkono kanisani.

Nilitegemea afurahi. Aliweka kikombe chini. Kisha akauliza, "Amesema nini?"

Nikamwambia amesema mengi, ya mfereji na ya mashamba. Hakuuliza tena, na chai yake ikapoa.

Wakati ule sikujua kwa nini, nilikuja kujua baadaye kidogo. Nyumbani kulikuwa na mgogoro wa kipande cha migomba ng'ambo ya mfereji. Mama Elisante, mjane wa jirani, alisema kipande kile ni cha ukoo wa mume wake. Baba mkubwa alisema ni cha babu. Wazee wa pande zote waliokuwa na kumbukumbu walishazikwa, na Baba mkubwa alikuwa na nguvu na wana wengi, kwa hiyo mama yule alikuwa anaelekea kushindwa. Ndani ya kaseti ile, babu anasema kwa Kimeru chake cha polepole kwamba kipande cha ng'ambo alikiazima kwa jirani yake alipozidiwa na watoto wa kulisha, na kwamba wenyewe wakikihitaji, watarudishiwa.

Siku chache baadaye Baba mkubwa akashuka mjini. Nilimwona mlangoni pa chumba cha kusomea amevaa koti lake la kanisani, na mkononi ameshika jani la sale.

Wewe umekulia mjini Lemara, sijui kama nyumbani kwenu walikufundisha uzito wa jani hilo. Kwetu sale ndilo linalopandwa mipakani, na ndilo linaloshikwa na mtu anayekuja kuomba kitu kikubwa, hasa msamaha. Mtu akikujia na sale humrudishi mikono mitupu. Walioligomea tulitajiwa kwa majina tangu tukiwa wadogo, pamoja na mikosi yao. Na kwa desturi mdogo ndiye hulibeba kwa mkubwa. Nilipomwona baba yangu mzima amenibebea mimi, nilisimama upesi nikamvutia kiti.

"Shikamoo, Baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu Aneth." Akaketi, akanitazama. "Sijaja kwa maneno mengi. Ile kaseti naomba unipe. Ni sauti ya baba yangu, si ya chuo. Nakuomba kwa hili."

Nilimwambia anipe hadi Ijumaa. Nikalitazama lile jani, sikuligusa. Naye akalitia mfukoni, akaondoka.

Sasa nikwambie nilichowaza, kwa sababu na wewe kitakujia, na kitakuja kimevaa nguo nzuri. Sikuwaza kumpa. Niliwaza jambo nililoliona la akili zaidi. Tulikuwa na boksi kubwa la kaseti za kwaya ambalo hakuna aliyeliomba hata siku moja. Nikasema, nikiichomeka kaseti ya babu humo katikati, sijaitoa chumbani, sijaifuta, sijavunja sheria. Ipo. Haionekani tu. Mama Elisante akija kuuliza, nitatafuta kwa moyo safi kabisa mahali pake na nisiione.

Bahati yangu, nilimwambia mkuu wangu. Alikuwa anaitwa Mama Ruth, mkazi wa Njiro, mwanamke mfupi anayekunywa chai bila sukari na anayesema bila sukari vilevile. Nilimweleza kama vile naomba ushauri wa kitaalamu. Alivua miwani.

"Aneth, mwizi akiiba kaseti, tutaona pengo, tutapiga kelele, tutaitafuta. Afadhali mwizi. Wewe unataka kuiweka pasipo pake ili asiwepo hata mtu mmoja wa kujua kwamba imepotea, halafu mwisho wa mwezi upokee mshahara wa kuitunza."

Nikaanza kulia. Nikamwambia ni baba yangu, amekuja na sale, na harusi yangu imekaribia.

"Najua," akasema, na sauti yake ikashuka. "Na sitakuamulia, maana baba ni wako. Lakini usijidanganye kwamba kuna njia ya katikati. Katika chumba hiki kitu kipo mahali pake au kimeuawa."

Alivaa miwani yake, akaendelea na kazi. Nilimchukia siku nzima, mwanangu. Usiku wake nikaacha kumchukia, nikabaki na hofu peke yake, na kufikia asubuhi nilikuwa nimeshaamua.

Ijumaa Baba mkubwa alikuja. Safari hii alipotoa lile jani, nililipokea kwa mikono miwili na kupiga goti kama nilivyofundishwa.

"Baba mkubwa, sale nimelipokea. Kama kuna nililokukosea, nisamehe, na kama lipo ulilonikosea wewe, limekwisha. Niombe chochote kilicho changu, nitakupa hata sasa hivi. Lakini kaseti si yangu. Ni kama umekuja na sale kuniomba ng'ombe wa jirani. Hata nikitaka kukupa, nitakupaje ng'ombe asiye wangu?"

Uso ulimbadilika. Kabla hajajibu, nikamwambia, "Lakini kuisikiliza ni haki yako, kama ya mtu mwingine yeyote. Kaa nikuwekee."

Sijui kwa nini alikubali. Nadhani hata yeye hakujua. Nilimvalisha hedifoni, nikabonyeza, nikakaa pembeni. Nilikuwa nimeisikiliza kaseti ile mara nyingi kiasi kwamba nilijua kwa kumtazama tu amefika wapi. Pale kuku wanapolia, alitabasamu. Pale babu anapozungumzia kipande cha ng'ambo, aliinamisha kichwa. Halafu ikafika sehemu ambayo mimi nilikuwa nimeiandika tu kama "kelele za nyumbani", bila kulitilia maanani jina linaloitwa: babu anakatiza maneno yake na kuita, "Anaeli! Mletee mgeni kiti kizuri!" na kijana fulani anajibu kutoka mbali, "Ndiyo, baba."

Baba mkubwa alivua hedifoni. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Huyo ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyeleta kiti. Nilikuwa nimesimama nyuma yao."

Hapo nikaelewa kwamba hakuwa na haja ya kuniuliza babu alisema nini. Alijua siku zote. Nikadhani basi, ameguswa, yamekwisha. Hata mimi nilikuwa nalia. Lakini alisimama, akavuta koti lake vizuri, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Ifute."

"Siwezi, Baba mkubwa."

"Huwezi au hutaki?"

Ningeweza kusema siwezi, nikawatupia lawama wakubwa wa chuo. Nikasema, "Sitaki."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi siku yako ya kanisani utafute baba mwingine."

Na alitimiza, mwanangu. Mama Elisante alikuja baadaye akaomba kuisikiliza, nami nikamwekea kama ninavyomwekea profesa au mwanafunzi, bila kumwongezea neno. Akaomba pia wazee wa baraza waje kusikiliza, wakaja, wakasikia, na kipande cha ng'ambo kikarudi kwa wenyewe. Siku ya harusi yangu aliyenishika mkono alikuwa mjomba. Kiti cha Baba mkubwa kilibaki wazi, kwa sababu mama yangu alikataa mtu mwingine akikalie. Nilipita nikakiona. Sitakudanganya kwamba nilikuwa na amani kwa kuwa nilitenda haki. Niliumia hadi nikashindwa kula chakula cha harusi yangu mwenyewe. Lakini Jumatatu baada ya fungate nilirudi kazini, nikaitazama kaseti, ipo mahali pake, nikaendelea.

Miaka ilipita hatusalimiani. Nikipanda nyumbani, yeye anaenda kuangalia ng'ombe. Krismasi akinipitishia sahani, anampa mtoto anipe. Nilimwamkia kila mara, hakuitikia, na mara iliyofuata nikamwamkia tena. Ukaidi tumeurithi sehemu moja.

Kisha asubuhi moja alikuja tena mlangoni. Amezeeka, ametoka kliniki, ana bahasha ya dawa. Hana jani wala koti la kanisani.

"Shikamoo, Baba mkubwa."

"Marahaba," akasema, kana kwamba tuliachana jana. "Nimekuja kumsikia baba."

Sikuuliza kitu. Nilimwekea. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nimrudishie pale kwenye kiti, akasikiliza, akaomba tena. Tangu siku hiyo kila aliposhuka kliniki alipitia kwangu. Wanafunzi walimzoea, wakawa wanamwachia meza ya dirishani. Hatukuzungumzia migomba hata mara moja, na hakuniomba radhi, wala mimi sikungoja. Ila siku mojawapo ya mwishomwisho, kabla miguu haijamkatalia kabisa, alipomaliza aliweka mkono wake juu ya kichwa changu mbele ya wanafunzi wote na kusema, "Ungenipa siku ile, leo ningemsikia wapi?"

Ndiyo hayo, mwanangu. Jumatatu watakupa ufunguo na orodha ya sheria, na sheria ni rahisi: hakuna chakula, hakuna kalamu ya wino, kitu hakitoki chumbani. Hawatakwambia kwamba wanaokuja kukuomba uzivunje si watu wabaya. Atakuja rafiki yako. Atakuja mchungaji wako. Atakuja mwenye cheo mwenye maneno laini, na atakuja mtu uliyekula kwake, huyo ndiye mgumu kuliko wote. Waheshimu. Wape kiti, wasikilize, piga goti kama ni wa kupigiwa goti. Kisha kataa, na ukatae kwa mdomo wako mwenyewe, usijifiche nyuma ya mkubwa wako wa kazi. Usiseme huwezi wakati hutaki. Na usifiche kitu katikati ya vitu ukajiambia kwamba kipo.

Siku hizi mna kompyuta, na kufuta sauti ya mtu ni kugusa kidole tu, wala hakuna atakayeona pengo. Kwa hiyo wewe itabidi uwe mkaidi kuliko mimi.

Tena nikuambie jambo la mwisho. Mwezi uliopita vijana wa chuo walikuja hapa wakanirekodi, nami nikasema mambo ya ukoo wetu na ya watoto wangu, mengine si ya kujisifia. Sasa yamo katika chumba chako. Uzee una woga wake. Ukiniona siku moja nimesimama mlangoni na jani mkononi nakuomba uyafute, nipokee, nipe kiti, uniite mama, halafu uninyime.

Mungu akupe macho ya kuona na mkono usiotetemeka. Wanaokukasirikia leo, watoto wao wakute kitu mahali pake kesho. Nenda kwa amani, mwanangu, na mlango ufunge vizuri jioni.