Gauni la Kijani Mbele ya Kitambaa cha Kijani

Hadi leo nikisikia harufu ya kitambaa kipya cha pamba kikipigwa pasi ya mkaa, ule mvuke wenye moshi kidogo, mkono wangu hutafuta ukuta wa kushikilia. Wenzangu kazini hudhani nimepatwa na kizunguzungu. Sijapatwa na kitu. Harufu hiyo hunirudisha kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Unyambwa, likizo ile alizeti zilipokwisha kuvunwa na upepo ukashinda ukivuta mabati, nami nina miaka kumi na mitatu na kichwa kigumu kuliko mawe ya Singida. Mama alikuwa amefariki mwaka mmoja na nusu kabla, baada ya kulala kitandani muda mrefu. Mdogo wangu Tumaini alikuwa na miaka mitano, na baba alikuwa amekwisha kukubaliana na shangazi yetu wa Manyoni kwamba aje amchukue akamlee. Mimi sikuulizwa. Nilikasirika hadi nikaacha kula na baba, na hakuna aliyenibembeleza.

Basi nikaamua kwamba kama Tumaini lazima aondoke, ataondoka na mama. Picha yake tuliyokuwa nayo ilikuwa moja, ndogo, ya kitambulisho, amekaza uso kama aliyekatazwa kucheka. Mtoto angekumbuka nini hapo? Nilitaka amwone akitembea katika shamba letu, akiutupa mguu wa kushoto nje kidogo kama alivyozoea. Nasrin, niliyekaa naye dawati moja, ndiye aliyenionyesha njia. Unafinyanga sanamu, unaipiga picha, unaisogeza kidogo tu, unapiga tena, mara mia na zaidi, kisha picha zikipitishwa upesi sanamu inatembea. Na nyuma yake ukitundika kitu cha kijani kitupu, programu ya simu inakifuta kijani chote na kuweka mahali popote unapopataka. Picha ya shamba likiwa limechanua ilikuwemo kwenye simu kubwa ya baba, ambayo aliiacha nyumbani kila siku kwa kuogopa vumbi la shambani.

Kijani chenyewe kilitutoa jasho. Tulianza na karatasi za manila, tukaziunganisha kwa gundi, lakini maungio yakatoa mistari ambayo simu ilikataa kuifuta. Nikaleta kanga ya bibi, Nasrin akacheka hadi akakaa chini: "Sasa haya maua nani atayafuta, wewe kwa kifutio?" Wazazi wake waliuza vitambaa mjini, karibu na soko, naye aliongea habari za nguo kama mtu mzima. Alileta mabaki ya satini, yakang'aa dirishani na kutoa mabaka meupe. Mwishowe mama yake alitukatia pamba nzito isiyong'aa, ya kijani kama jani changa la mahindi, akasema tumrudishie ikiwa safi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Tuliilowesha, tukaianika, tukaipiga pasi mara mbili, kwa maana kila kunjo ni kivuli na kila kivuli simu hukiona kama rangi nyingine. Mwanga tuliupata kwa kufunika dirisha kwa kiroba cheupe, jua likawa laini, na upande wa pili tukaegemeza kipande cha bati kilichovikwa shuka nyeupe ili kiurudishe. Sanamu tuliiweka mbali na kitambaa, hatua mbili nzima, kivuli chake kisikiguse. Tulijaribu kwanza kwa kuku wa udongo. Kuku akatembea juu ya ziwa Singidani, tukapiga kelele za furaha.

Mama nilimfinyanga kwa udongo wa kichuguu, na macho yake yalikuwa mbegu mbili nyeusi. Siku ya kuanua matanga nguo zake ziligawiwa ndugu, kama ilivyo ada, lakini mimi nilificha kipande alichobakiza fundi aliposhona gauni lake la sikukuu. Nikamvika hicho. Nasrin alipomwona akasema taratibu, "Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe." Nikamwambia aache uchawi wake. Jioni hiyo baba aliingia, akaisimamia sanamu kwa muda, akaigeuza ikatazama ukuta, akatoka. Asubuhi nilikuta imegeuka, imeukabili mlango wa chumba tulicholala mimi na Tumaini. Baba aliigeuza tena. Kesho yake ikawa vilevile. Kwa siku nne tulipiga picha huku Nasrin akisoma dua kwa kunong'ona, na kila nilipomgusa mama kumsogeza mguu niliona udongo una joto, ingawa jua halikumfikia.

Siku ya tano shangazi alifika. Wakati anapewa maji ya kuoga, mimi nilijifungia na simu, nikaweka picha ya shamba, nikaiambia programu ifute kijani. Jamani! Alizeti zilichanua skrini nzima, na katikati yake ukaja uso. Uso peke yake, na chini yake mikono miwili ikipunga hewani. Shingo hakuna, kifua hakuna, hata miguu niliyoihangaikia siku nne haikuonekana chini ya gauni refu. Maua yalipita mahali pa tumbo lake. Ule uso ulielea kuja kwangu, mbegu mbili zikinitazama, nami nikaitupa simu kitandani na kurudi hadi ukutani. Ilinichukua muda kuelewa upumbavu wangu. Gauni la sikukuu la mama lilikuwa la kijani. Kila mtu pale nyumbani alilijua gauni lile, mimi nililala nimekumbatia kipande chake, na kwangu lilikuwa rangi ya mama tu, halikuwa kijani. Nililia kwa hasira, kwani basi la Manyoni lilikuwa la kesho asubuhi.

Asubuhi nilimfunga Tumaini viatu bila kumtazama. Yeye ndiye aliyeichukua simu mezani na kuifungua, nami nikawa nimechelewa kumnyang'anya. Nilisubiri apige ukelele. Akatabasamu, akaigusa ile mikono kwa kidole kimoja.

"Mama," akasema.

"Nimemharibu, Tumaini. Hana mwili."

Akanishangaa kama mtu anayeulizwa jambo la wazi. "Mama alikuwa hana mwili, dada. Alikuwa na blanketi." Kisha akaninong'oneza kwamba ndiye aliyekuwa akimgeuza usiku, maana mama hapendi ukuta. Baba alikuwa mlangoni na begi la Tumaini. Aliliweka chini, akakaa juu yake, akalia mbele yetu kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Lakini basi halikungoja, na shangazi aliondoka na Tumaini.

Leo kazi yangu ni kutengeneza matangazo, mjini hapahapa Singida. Nina taa tatu na vitambaa vya kijani na vya buluu visivyojua kukunjika, na kosa lile leo ningeliona kabla sijawasha taa. Mwezi uliopita nilifinyanga mama mpya. Nikamvika gauni zima kutoka kipande kilekile, nikamweka mbele ya buluu, akatembea shambani akiutupa mguu wa kushoto nje kidogo, hadi mimi mwenyewe nikamwamkia. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile. Nikamtumia Tumaini, ambaye sasa ni binti mrefu anayenipita kwa kichwa. Jibu lilikawia hadi jioni. "Shikamoo dada. Ni mzuri sana, nimeona unavyomkumbuka. Lakini huyu ni mama yako. Kama bado unaye yule wangu, naomba unitumie."