Kilio cha Bamia

Mtaani kwetu Méier hakuna aliyemwita Jurandir kwa jina lake ila mkewe. Muuza nyama alimwita Bamia. Padre alimwita Bamia. Hata daktari aliyekuja kumpa habari mbaya za mkewe aliingia na uso wa msiba, akamwona, akaropoka, "Ala! Si Bamia huyu!" Watu hawana haya, jamani.

Bamia alikuwa mwanafunzi wa dawati la nyuma, aliyeigizwa na Jurandir, katika ile shule ya vichekesho ya televisheni, ya mwalimu mpole na darasa la watu wazima wasiofundishika. Kila mmoja ana zamu yake: anaitwa, anaulizwa, anajibu upuuzi, anakula sifuri. Bamia akipewa yake husema, "Mwalimu, sifuri hii ni yai; ipe mwenzake, nikakaange!" Kisha analia. Na ni kwenye kilio ndipo nchi nzima ilipovunjika mbavu: kinaanza chembamba, kinapanda kama birika linalochemka, kinakatikia kwenye kwikwi.

Sasa kilio hicho hakikutungwa na mtu. Ndivyo Jurandir alivyolia tangu utotoni. Ndivyo alivyolia siku ya kumzika baba yake, binamu zake wakalazimika kugeukia ukutani. Siku ya kwanza studio, mkubwa wa kipindi alimwambia, "Mzee, hujachekesha hata nzi. Huna kingine?" Akakitoa hicho. Studio ikalipuka.

Jioni ile Zulmira, mkewe, alimfokea mpaka sisi majirani tukazima redio tusikilize.

"Umewapa kilio chako, Jura? Chako mwenyewe? Siku ukifiwa utalia na nini?"

"Nitalia kimya kimya."

"Wewe? Thubutu!"

Maji yakimwagika hayazoleki. Miaka ikaenda, Bamia akawa kwenye vikombe vya watoto na midomoni mwa walevi. Jurandir aliomba sehemu nyingine, yoyote. Wakamjaribu katika tamthilia, hakimu wa kuhukumu muuaji. Alipofungua mdomo tu, mshika kamera akaangua kicheko, kazi ikaishia hapo. "Rudi kwenye dawati lako, Bamia," mkubwa akamwambia. "Wenzio wanalililia." Akarudi. Angekwenda wapi? Kwenye treni walimdai kilio, benki walimdai kilio, na akikataa wanamwita mwenye maringo.

Zulmira alipoona siku zake zimekaribia, alimshika mkono.

"Nikifa, kwenye misa yangu ya siku ya saba useme wewe. Padre hanijui. Useme kama Jurandir, unasikia? Watu wajue niliolewa na mtu. Sikuolewa na kichekesho."

"Nitasema, mama."

"Na usilie."

"Sitalia."

Na kweli hakulia. Hospitalini hakulia, makaburini alisimama mkavu, shemeji zake wakanong'ona kwamba hana moyo. Wangejua! Wiki nzima alitembea kameza kitu kikubwa kuliko koo, akijiambia, ngoja misa ipite, ngoja misa ipite.

Siku ya saba kanisa lilijaa hadi ngazini. Nusu walikuja kwa ajili ya Zulmira. Nusu nyingine, usiniulize. Jurandir alipanda mbele akiwa na tai nyeusi, na kabla hajasema neno kicheko kikamponyoka mtu huko nyuma. Akangoja. Kisha akaanza, kwa sauti ambayo wengi wetu hatukuwahi kuisikia, nzito, ya polepole.

Alisema Zulmira alichambua maharage huku akigombana na mtangazaji wa mpira redioni. Kwamba aliwapigia marufuku nyama Ijumaa Kuu, kisha wakamfumania jikoni na soseji. Watu walicheka hapo, lakini cheko la heshima, la kumkumbuka. Kanisa likatulia. Binti yao Ivonete, kwenye benchi la mbele, alikuwa akimwangalia baba yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Alikuwa anaweza, mungu wangu. Alikuwa anaweza!

"Zulmira aliniambia niwaambie," akasema, "kwamba aliolewa na..."

Akajaribu tena. "Aliolewa na..."

Kikatoka. Chembamba, kikapanda, kikakatikia kwenye kwikwi.

Watu walijitahidi, nisiwasingizie. Walibana midomo, wakainama, wakajifanya wanakohoa. Kisha mmoja akapasuka, na kanisa zima likamfuata. Padre Anselmo akaficha uso nyuma ya kitabu, mabega yanamtikisika. Kutoka mlangoni jitu zima likapiga kelele, "Sifuri, Bamia!" watu wakapiga makofi, ndani ya nyumba ya Mungu.

Jurandir alimtafuta Ivonete kwa macho. Alitaka mtu mmoja tu asiyecheka, ajishikize kwake.

Ivonete alikuwa anacheka. Machozi yanamwagika, picha ya mama yake kaikandamiza mdomoni, naye anacheka. "Baba, nisamehe," akasema, "nisamehe, baba," na kicheko kikamzidi tena.

Na kadiri walivyocheka ndivyo alivyozidi kulia, na kadiri alivyolia ndivyo walivyozidi kucheka, wala hakuweza kunyamaza, kwa sababu tangu Zulmira afe, ndiyo kwanza alikuwa anamlilia.