Uzi Mwekundu Shingoni mwa Chupa

Kwa miaka ishirini na miwili Cyrille alifunga uzi mwekundu kwenye shingo ya kila chupa ya maji yaliyochemshwa. Hiyo ilikuwa sheria katika nyumba ya wageni ya kampuni moja ya mgodi, hapo Likasi, jimbo la Katanga nchini Kongo, alikokuwa mpishi. Chupa yenye uzi ilikuwa ya kunywa. Isiyo na uzi, ya kuoshea vyombo. Mhandisi akiumwa tumbo, mpishi ndiye aliyefukuzwa. Cyrille hakufukuzwa. Nyumba yenyewe ilifungwa mwaka 1992, vyombo vikauzwa, naye akarudi kwake, mtaa wa Kikula, na chupa sita tupu na kibunda cha uzi.

Mke wake, Berthe, alikuwa mfua mashuka wa nyumba hiyohiyo. Maana ya uzi aliijua vizuri kama yeye.

Binti yao wa pekee, Laure, aliolewa na mtu wa jimbo la Kasai. Mwaka 1993, watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, Laure alikaa na mumewe majuma saba kwenye kituo cha reli cha Likasi, chini ya turubai, wakisubiri treni. Treni ilipokuja walipanda juu ya behewa la mizigo. Baada ya hapo haikuja barua, wala mtu mwenye habari. Mwishoni mwa Oktoba mwaka uliofuata, Berthe aliingia mfungo wa siku ishirini na moja ili barua ifike.

Mfungo ulikuwa wa kikundi cha maombi kilichokutana kwa jirani yao, Mama Marceline. Masharti yalikuwa mawili: usile wala kunywa kilichopita kwenye moto, wala kilichotoka kwa mnyama. Siku ya kumi na mbili tumbo la Berthe lilikataa maembe, likakataa karanga mbichi, likakataa kila kitu. Alikuwa na miaka hamsini na miwili na tayari alijishika ukutani alipokwenda chooni.

"Papa Laure," akasema, "niko na hamu ya ile chai ya Mutai."

Mthai huyo, mtu wa Thailand, alikuwa mhandisi aliyelala miezi mitatu katika nyumba ya wageni, mwaka 1979. Alimfundisha Cyrille chai ya kwao: majani mengi, iliki, mdalasini, sukari, maziwa ya kopo, vyote vimiminwe juu ya barafu mpaka vipate rangi ya tofali. Masalio yake yalinywewa na Berthe kwenye chumba cha kufulia.

"Ile iko na moto, iko na maziwa," Cyrille akamjibu.

"Weye si mupishi? Toa moto, toa maziwa."

Akaenda kwa Mama Marceline kuuliza sheria, maana majani ya chai hukaushwa kiwandani.

"Majani ya chai banaikausha na moto ya usine, Mama. Tufanye je?"

Mama Marceline alifikiri. "Moto ya usine iko mbali. Mungu anaangalia moto ya ku jiko."

"Na asali?"

"Asali hapana. Nyuki iko nyama."

"Nyuki?"

"Iko na miguu, Papa Cyrille."

Basi akaipika bila kupika. Usiku aliloweka karanga mbichi. Asubuhi akazimenya, akazitwanga na kuzikamua katika kitambaa cheupe, zikatoa maziwa. Muwa aliutwanga vilevile, akapata utamu. Karoti iliyokunwa ilileta rangi. Majani na mdalasini aliyatia katika chupa ya maji, akaiweka juu ya bati hadi jua la saa sita, kisha akachuja, akachanganya, na kuizungushia chupa gunia lililolowa. Friji walishaiuza.

Berthe alikunywa kikombe na hakutapika. Akaomba cha pili.

Tatizo lililobaki lilikuwa maji. Bomba la Kikula lilitoa maji ya rangi ya udongo, siku mbili kwa juma, na katika barabara yao watu wanne walikuwa wamekufa kwa kuhara. Kumpa mgonjwa maji hayo mabichi Cyrille hakuweza. Kila alfajiri aliyachemsha kwa jirani yake Michel, mchomeleaji asiye na kazi, ili Berthe asione moshi.

"Vieux," Michel alimtania mzee huyo, "sufuria ya maji tupu? Hata hindi moja hapana?"

"Nyamaza. Mama asisikie."

Na Berthe alipouliza kama maji hayakupita kwenye moto, alijibu: "Haikupita."

Chai hiyo ilimrudishia nguvu. Asubuhi ya siku ya kumi na tisa aliweza kutoka na kuketi uani. Huko kwa Michel mazungumzo yalikuwa marefu, na mikono ya Cyrille ilifanya ilichozoea miaka ishirini na miwili. Alirudi, akaiweka chupa juu ya bati. Berthe akainua macho.

"Papa Laure. Ile uzi inafanya nini pale?"

Cyrille aliitazama chupa.

"Siku ngapi?"

"Saba."

"Zote?"

"Zote. Bantu banakufa ku hii avenue, Berthe. Ningefanya je?"

"Ungeniambia. Ningekataa, na weye ungejua kama nimekataa."

Mama Marceline alikuja mwenyewe kumsihi. Alisema Mungu anahesabu nia, kwamba aliyedanganywa hakuvunja kitu, kwamba zimebaki siku mbili tu.

"Mungu anaweza kuhesabu," Berthe akasema. "Minye pia naweza. Leo ni moja."

Akaanza upya. Chai ya Cyrille hakuigusa tena, hata alipoapa mbele ya mashahidi kwamba maji yametoka bombani moja kwa moja. Alikunywa maji mabichi aliyojichotea mwenyewe, kwa kikombe chake, na kula embe kidogo.

Siku ya nane ya hesabu mpya alianza kuhara. Cyrille na Michel walimpeleka zahanati juu ya baiskeli, mmoja akisukuma, mwingine akimshika mgongo. Muuguzi alisema serumu, maji ya kuingizwa mshipani, haipo, waitafute mjini. Cyrille alizunguka maduka matatu ya dawa na kurudi na chupa moja. Berthe alifariki siku ya kumi na moja, asubuhi, kabla ya chupa hiyo kuisha.

Barua ya Laure bado haijafika.

Cyrille anaishi peke yake. Chupa sita zimepangwa juu ya rafu, zote zimejaa, shingo zote tupu. Mgeni akiuliza achukue ipi, anajibu, "Yoyote. Zote zilipita ku moto." Kibunda cha uzi alimpa Michel, afungie waya.