RAM ya Mzee wa Rudewa

Juzi, kwa fundi wa kompyuta mjini Kilosa, nilimkuta mzee wa Rudewa akitaka laptop yake iliyokuwa nzito kufanya kazi iongezwe RAM.

Fundi alijaribu moja, akaitoa. "Pengo lake halilingani na la laptop yako, mzee." Akachukua nyingine.

"Sauti ya marehemu mama niliyoirekodi humo haitafutika?" mzee akauliza.

"Hapana. Sauti iko kwenye diski. RAM inaipa mashine wepesi tu."

Hiyo ya pili ilikaa. Fundi alipotaka kuijaribu kwa sauti hiyo, mzee alimzuia mkono, akavua kofia, akaiinamia laptop. "Shikamoo, mama." Ndipo akabonyeza.

"Marahaba, mwanangu."

Siku ya kurekodi, alituambia, alichelewa kubonyeza, shikamoo yake haikuingia.

Fundi akasema lazima aipime tena. Safari hii tulimwamkia wote watatu.