Mkono wa Zunilda

Zunilda Lantigua alikuwa msusi mtaa wa Los Pepines, mjini Santiago, na karibu miaka arobaini ya maisha yake ilipita amesimama nyuma ya vichwa vya watu. Bega la kulia lilipoanza kumuuma, alidhani ni uchovu wa Desemba. Kufikia Kwaresima mkono ulikuwa haupandi kupita kifua. Alipaka mafuta ya mbuzi, akakandwa mpaka akalia. Bega likagoma kama mlango ulioshika kutu. Mashine ya kukaushia nywele ikawa haishikiki, naye akafunga saluni.

Wateja wake walivuka barabara kwa Yocasta. Hilo lilimuuma kuliko bega. Yocasta alikuwa shoga yake tangu usichana, lakini walikuwa hawajasemezana kwa miaka kumi na moja, tangu siku alipofungua saluni mkabala na yake.

Asubuhi ya ubatizo wa mpwawe, Zunilda alikuwa amekaa kibarazani, gauni zuri mwilini, nywele timutimu. Yocasta akavuka barabara, kitana mkononi.

"Kaa vizuri."

"Nani kakuita?"

"Nywele zako. Zinapiga kelele mpaka kwangu. Hebu geuka, bibi wee!"

Zunilda akageuka. Kidole kidogo cha Yocasta kilipopita utosini kugawa nywele, machozi yalimlenga. Hivyo ndivyo alivyowafundisha wote wawili bibi msusi wa mtaa, doña Tatica, uani kwake, walipokuwa na miaka kumi na sita. Umeme ulikatika kila siku, kwa hiyo wateja walikaushwa na jua, wamepangwa kwenye viti na rola zao kichwani, redio ya betri ikiimba, na sufuria la maharage matamu ya Kwaresima likizunguka na kijiko kimoja.

"Mimi alinichapa vidole kwa kitana," Yocasta alisema, kana kwamba ameyasoma mawazo ya mwenzake. "Wewe hakukugusa hata siku moja."

"Wewe ulikuwa unaunguza watu masikio!"

Wakacheka.

"Mume wangu aliganda bega hivyohivyo," Yocasta akasema. "Hospitali wakamdunga damu yake mwenyewe."

"Mumiani hao! Sitaki."

"Nitakupeleka mwenyewe. Ukilia nitakuchapa kitana."

Daktari, mwanamke kijana, alimweleza polepole. Kwa kuwa Zunilda alikuwa na kisukari, sindano ya kawaida ya bega ingeweza kuipandisha sukari. Wangemtoa damu, waizungushe kwenye mashine mpaka ijitenge, kisha wachukue maji yake ya njano, yenye zile chembe zinazosaidia jeraha kupona.

"Si muujiza, mama. Wengine huwafaa, wengine hapana. Na usipofanya mazoezi, tutakuwa tumecheza tu."

Zunilda alikitazama kichupa: wekundu chini, njano juu. Daktari akaitafuta njia kwenye skrini ya ultrasaundi na kuzamisha sindano ya maji yale begani. Zunilda alimbana Yocasta mkono mpaka kucha zikaacha alama. Alirudi mara mbili zaidi, na kila mara Yocasta alifunga saluni yake akamsindikiza.

Kila asubuhi Zunilda alipandisha vidole ukutani kama kaa, na pale vilipokwama Yocasta alitia nukta kwa rangi ya kucha. Kwa wiki tano nukta zilirundikana mahali pamoja. Wiki ya sita zikaanza kupanda. Mwezi wa Agosti, Yocasta alilazimika kusimama juu ya kigoda.

"Ni damu au ni muda tu?" Zunilda alimuuliza daktari.

"Siwezi kukuapia, mama."

Septemba alifungua tena saluni, siku tatu kwa wiki. Mkono unafika juu ya kichwa. Nyuma ya mgongo bado, kwa hiyo sidiria huifungia mbele kisha akaizungusha. Wateja wanagombewa kama zamani, na matusi ya utani hurushwa toka mlango hadi mlango. Ila Jumatatu, saluni zote zikiwa zimefungwa, wanakunywa kahawa pamoja wawili hao, na wanaanza kuwataja wateja wa Tatica mmojammoja, waliohama na waliokufa, wakibishana nani alikuwa na nywele ngumu kuliko wote.