Filta Nyekundu ya Mwende

Mimi sishangazwi na kitu. Nilitoka Magharibi mwa Kenya na shati moja, nikabeba mchanga, nikalala mtaa wa mabanda wa Gatwekera kwenye nyumba ambayo mvua ilikuwa ikiingia kabla yangu. Chuo kikuu changu kiliishia darasa la tano. Leo nina maduka mawili ya kutengeneza kamera na simu pale Kawangware, na wenye digrii hupanga foleni wakinisubiri. Nimeona moto, nimeona mafuriko, nimeona mtu akiuziwa mlango wake mwenyewe. Kwa hivyo nikikwambia kwamba jioni moja nilipokea mgeni asiye wa dunia hii, usidhani ni mdomo. Yalinitokea mimi, nikiwa na akili zangu zote, na hata chang'aa ya jirani sikuwa nimeonja.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka wa elfu mbili na nane, zile wiki za baada ya kura. Unazikumbuka? Barabara zimefungwa kwa mawe, tairi zinaungua, kadi ya simu ya hamsini inauzwa mia. Lakini mimi nilikuwa na shida yangu, mbali na ya nchi. Nilikuwa nampenda Mwende.

Mwende alikuwa mwalimu wa fizikia, Mkamba wa Machakos, akiishi na mamake Kawangware, orofa ya juu kabisa. Nilimjua aliponiletea kamera ya shule. Marehemu babake alikuwa fundi wa maabara, na aliwaachia darubini na kamera ya kupiga picha za nyota. Kamera hiyo si kama ya harusi. Yenyewe huona kijivu tu. Ndani yake mna filta, vioo vya duara vidogo kama vizibo vya soda. Unapiga picha kupitia kioo chekundu, unapiga kupitia kijani, unapiga kupitia buluu, halafu kompyuta inaziunganisha na rangi zinatokea. Mzee alikuwa amepiga wingu fulani la mbinguni kwa kijani na kwa buluu, akafariki kabla ya nyekundu. Mwende alitaka kuimalizia picha hiyo. Na wakati ulikuwa huo, kwa sababu stima ilikuwa inapotea kila siku, jiji giza, nyota zimejaa kama mtama uliomwagika. Tatizo ni kwamba moshi wa tairi ulikuwa umeacha utando kwenye ile filta nyekundu.

Siku moja njia zilipofunguka kidogo nikaenda kumjulia hali, na kwa mdomo wangu huu huu nikasema, "Mwalimu, hakuna kioo kinachonishinda."

Akanitazama. "Fundi, hii haipatikani Kenya. Nitaifuata Jumamosi mwenyewe, maana Jumapili mimi na mama tunaenda Machakos, na sijui kama tutarudi. Ukiniharibia, usinitafute tena."

Basi akanipa filta, nikafika nayo Gatwekera, nikaifanya kama nilivyofanya vioo vyote maishani. Nikaipulizia, haa, nikasugua kwa ncha ya shati. Shati lenyewe lilikuwa na moshi wa wiki nzima na mafuta ya omena. Ikabaki mistari kama konokono amepita. Nikatia spiriti ya kidonda, ikaongeza madoa ya duara. Ijumaa jioni nilikuwa nimekaa kwenye mtungi wa plastiki wa maji, naitazama filta kama mzazi anayetazama ripoti ya mtoto.

Saa moja hivi mlango ukabishwa. Sasa fikiria: siku zile nani alikuwa anatembea saa moja? Akaingia mzee mwenye koti na miwani, viatu vyeusi vinang'aa. Mvua ilikuwa imenyesha, na mbele ya mlango wangu palikuwa na mtaro. Niamini, sikujiuliza viatu vile vimeuvukaje bila tope. Wala sikujiuliza kwa nini sisi sote tulinuka moshi na yeye alinukia sabuni.

Hakusalimu. "Wewe ndiye unaosha filta kwa shati?"

"Mzee, umeambiwa na nani?"

"Sogea. Washa tochi."

Akakaa kwenye mtungi wangu, mimi nikapiga magoti. Filta alikataa kuishika. "Mikono ni yako, na aibu ni yako," akasema. Kwanza akaniamuru nitumie upepo, kile kipira cha mpira ninachotolea vumbi kwenye simu. "Mdomo wako uachie siasa." Kisha brashi laini. Kisha akaniuliza kama nina karatasi za kusafishia lenzi. Nilikuwa nazo, pakiti nzima, sijawahi kuifungua kwa uchungu wa bei. Akanionyesha hewani namna ya kuzikunja: mara tatu, halafu pembe moja irudi nyuma kama jembe. Dawa niliyokuwa nayo ya kusafishia bodi za simu ndiyo akaitaka, tone moja, kwenye karatasi na si kwenye kioo. Unaanza katikati unaenda ukingoni mara moja, unaitupa hiyo, unachukua nyingine.

"Usibonyeze. Unafuta kioo, hukandi unga."

"Ndiyo, mzee."

"Na huyu ndiye anajiita fundi. Mbuzi wetu wana kwato nyepesi kuliko mkono wako."

Karatasi kumi na moja. Ya kumi na moja ilipopita, nikamulika kwa pembeni, na kioo kilikuwa safi hadi nikaogopa kukipumulia. Hapo mzee akainama na kukipulizia, haa, karibu kabisa.

"Mzee, si umenikataza?"

Kioo kikabaki vile vile. Hakuna ukungu, hata kidogo. Wewe umewahi kupulizia kioo cha saa, cha dirisha, cha miwani. Niambie, ni pumzi gani isiyoacha kitu?

"Yangu haina mate tena," akasema.

Lile neno "tena" ndilo lililonishtua. Naye akacheka, kicheko kizuri cha tumbo, na mimi nikajikuta nacheka naye. Akasimama, akafunga koti. "Kesho mwambie ukweli. Na ubadilishe shati."

Akatoka, na mimi nikamfuata mbio. Pale kona walikuwa vijana wa kizuizi.

"Niaje fundi, mbona unatoka mbio?"

"Mzee wa koti amepita?"

"Buda, hapa hata paka hapiti bila ruhusa yetu. Enda ulale."

Jumamosi Mwende akaja kwa miguu kutoka Kawangware. Akaiinua filta kwenye mwanga, akaigeuza. Kisha akaona mezani karatasi niliyokuwa nimeikunja na sikuitumia.

"Nani amekufundisha kukunja hivi?"

Nikamwambia yote, shati, omena, viatu, pumzi. Hakushtuka. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Alikutukana?"

"Sana."

"Basi ni baba."

Akakaa chini akacheka, machozi yanamtoka, akacheka hadi mama wa nyumba ya pili akachungulia kuuliza kama amani imetangazwa.

Nilimsindikiza hadi Kawangware, na usiku ule, juu ya paa, tukapiga ile nyekundu. Picha zilipoungana, wingu likatokea limewaka kama waridi. Mamake akaitazama kwa muda mrefu. "Kumbe ndiye huyu marehemu alikuwa anakesha naye," akasema, na safari ya Machakos ikawa ya kwenda na kurudi.

Mpaka leo mteja mzee akiingia dukani kwangu, mimi humpa kipande cha kioo na kumwomba akipulizie. Wengine huona nimechanganyikiwa. Na wewe unayesoma, sikia onyo langu: filta usiipulizie wala usiiguse na shati, upepo wa kipira hutosha siku nyingi. Na mzee akikutukana mbele ya kazi yako, nyamaza ujifunze, kisha ufikirie ni binti wa nani unayemtaka. Maana marehemu alinifundisha bure, lakini ndugu zake walio hai wako Machakos. Nilipowaendea kwa habari ya mahari, niliwaambia kwamba mwenye binti alinikubali mwenyewe. Mkubwa wao akasema, "Basi yeye amekusamehe sehemu yake. Hii ni yetu." Wakahesabu mbuzi, mablanketi, asali na sukari, na nikalipa mpaka senti ya mwisho: shilingi laki moja, elfu thelathini na saba, mia sita na hamsini.