Mtani Niliyemtoa Msibani

Tangu biashara binafsi iruhusiwe, mimi niliyeishia darasa la nne nina mashine mbili za kusaga hapa kijijini Pito. Nafasi ya kucheka sikuwa nayo. Baba alipofariki nilitaka mazishi ya heshima.

Mara mzee mmoja wa Kisukuma akavaa koti la marehemu, akajilaza kando ya jeneza, akamfokea marehemu:

“Amka, mvivu wewe! Hata kaburi tukuchimbie sisi?”

Watu wakacheka. Nikamkaba ukosi, nikamtoa hadi barabarani kama mlevi. Akaondoka analia.

Tukazika kimya kabisa. Nikamfuata mama, nikingoja sifa.

“Yule ni mtani wa baba yako,” akasema mbele ya wote. “Baba yako mwenyewe alimwomba aje atuchekeshe. Wewe umemzika kama gunia la pumba.”